Karatasi Iko Wapi? Mwongozo wa Kujilinda Kisheria kwa Msanii wa Kigoma

Mwaka 2009 nilitunga wimbo, nikapiga besi na kuimba kiitikio mwenyewe katika studio moja hapa Mwanga. Nilipewa shilingi 80,000 mkononi. Nikanunua mchele na dumu la mawese, nikarudi nyumbani Gungu nikijiona nimefika. Mwaka uliofuata nipo stendi ya Masanga nasubiri gari la Kasulu, nikasikia kiitikio changu redioni kimegeuzwa tangazo la biashara. Sauti yangu, besi yangu, bidhaa siijui. Nilipomfuata mwenye studio aliniuliza swali moja tu: "Karatasi iko wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaondoka, na jambo likaishia hapo.

Ilinichukua miaka kujua kwamba swali lile lilikuwa langu kumuuliza yeye. Kwa sheria yetu mtunzi ndiye mwenye kazi tangu anapoitunga, na anayedai kwamba haki zimehamia kwake ndiye wa kuleta maandishi. Leo ni msaidizi wa kisheria. Wasanii wanaokuja kukaa kwenye benchi letu, waimbaji, wachoraji, wachonga ngoma, waigizaji na madansa, karibu wote wanaleta kisa kinachofanana na changu. Nawaandikia wao, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inaufuata, kuanzia siku ya kutunga hadi siku ya kudai.

Hatua ya 1: Jua unamiliki nini

Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki inazaliwa pamoja na kazi. Ukishaandika mashairi kwenye daftari, ukishachora, ukishachonga, ukishajirekodi kwa simu, tayari ni yako, hata kama hujasajili popote. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kisicholindwa ni wazo tupu. Ukimsimulia mtu kijiweni kwamba unataka kuandika tamthilia ya mvuvi aliyepotelea ziwani, na yeye akaandika ya kwake, huna la kumdai. Andika kwanza, simulia baadaye.

Sasa hapa wengi wanachanganya, naomba usome polepole. Ndani ya wimbo mmoja uliotoka studio kuna mali mbili. Ya kwanza ni wimbo wenyewe, yaani mashairi na melodi. Hiyo ni hakimiliki, na ni ya mtunzi. Ya pili ni ile rekodi, sauti iliyonaswa. Hiyo inaangukia kwenye hakishiriki, ambamo mwimbaji na mpigaji wana haki zao, na mtayarishaji aliyegharimia kurekodi ana zake. Kwa hiyo prodyuza anaposema "hii ni mali yangu," huenda anasema kweli kuhusu rekodi, na huenda hasemi kweli hata kidogo kuhusu wimbo. Yeye akiwa na rekodi, wewe bado unaweza kwenda studio nyingine ukaurekodi upya wimbo wako, mradi hujasaini karatasi ya kukuzuia.

Mchoraji naye ana jambo la namna hiyo. Mgeni aliyeshuka Kigoma akielekea Gombe akinunua picha yako ya sokwe, amenunua ile turubai. Hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana mia tano akaziuze kwao. Ruhusa hiyo inauzwa peke yake, kwa bei yake.

Halafu kuna haki za kimaadili, yaani kutajwa kuwa wewe ndiye mtunzi, na kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Haki hizi zinabaki kwako hata ukishauza haki za kiuchumi, yaani zile za kuingiza fedha. Ukiona wimbo wako umekatwa na kuwekewa jina la mwingine, una la kusema hata kama ulilipwa.

Kwa vikundi vya ngoma za asili, ngoma ya Waha au ya Wamanyema haiwi mali ya kiongozi wa kikundi kwa sababu tu ndiye mwenye ngoma na njuga. Sheria ina sehemu maalumu inayolinda sanaa za jadi. Ila mtindo mliobuni nyinyi, maneno mapya mliyotunga na onyesho lenu lililorekodiwa vina ulinzi wake, na kampuni ya matangazo haiwezi kuja kuwapiga video uwanjani ikaondoka kama ilikuja kupiga picha za mawingu.

Hatua ya 2: Acha alama kabla kazi haijatoka

Kumiliki ni jambo moja, kuthibitisha mbele ya hakimu ni jambo lingine. Anza na daftari. Daftari gumu la kaunta, ukurasa mmoja kwa kila wimbo: jina, tarehe, mahali, nani alikuwepo, nani alichangia nini. Rasimu za sauti ulizojirekodi kwenye simu usizifute. Jitumie nakala kwa barua pepe siku hiyohiyo, kwa sababu ile tarehe ya barua pepe ni shahidi asiyesahau. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu, wa WhatsApp na barua pepe vinapokelewa mahakamani kama ushahidi. Usiishie kupiga picha ya kioo cha simu (skrini shoti) tu. Tunza na simu yenyewe iliyopokea ujumbe.

Mkiwa wawili au zaidi, mgawane kwa maandishi kabla hamjatoka studio. Kurasa nyingi za kisheria zinatisha, lakini hii ni mistari michache tu, na nimeiona ikiokoa urafiki:

"Sisi tuliosaini hapa chini tunakubali kwamba wimbo huu umetungwa na sisi. Mashairi: Fulani asilimia 60, Fulani asilimia 40. Melodi: Fulani asilimia 100. Biti: Fulani. Mapato yote ya wimbo, ya redio, ya mtandao na ya matangazo, yatagawanywa hivi: … Hakuna atakayeuuza wala kuuruhusu kwenye tangazo bila wengine kukubali kwa maandishi."

Tarehe, majina matatu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba za simu, saini. Kila mmoja aondoke na nakala. Siku ya kurekodi kila mtu ana furaha na anasema ndiyo kwa wepesi. Wimbo ukishapanda, kila mtu anakumbuka kivyake.

Kisha sajili. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inapokea usajili wa mtunzi na wa kazi zake kwa njia ya mtandao, hivyo huna haja ya kupanda treni kwenda Dar es Salaam. Usajili hauzai haki, ila unakupa cheti ambacho upande wa pili ndio utahangaika kukipinga. Pia mirabaha, yaani malipo ya kazi yako kutumika, ya redio, televisheni na kumbi inagawanywa kwa majina na kazi zinazofahamika kwenye orodha. Tangu mabadiliko ya mwaka 2022 COSOTA imebaki kuwa msimamizi, na kukusanya na kugawa mirabaha kumeelekezwa kwenye taasisi za wasanii wenyewe zinazopewa leseni. Maana yake ni kwamba kusajiliwa COSOTA ni hatua moja, na kujiunga na taasisi inayokusanya kwa ajili ya aina yako ya sanaa ni hatua nyingine. Wengi wanafanya ya kwanza wakakaa kusubiri fedha.

BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, nalo lina usajili wake. Huu ni wa wewe kufanya kazi ya sanaa kihalali, wewe binafsi, kikundi, au mwandaaji wa matamasha. Ukikosa, promota atautumia upungufu huo kukutisha usimdai. Kwetu huku mlango wa karibu ni afisa utamaduni wa halmashauri yako, awe wa Kigoma Ujiji, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe au Uvinza. Mwone, jitambulishe, mwache akujue kabla hujampelekea tatizo. Wa filamu na maigizo ya jukwaani wana Bodi ya Filamu, na kibali kinatafutwa kabla ya kushuti.

Hatua ya 3: Soma mkataba ukiwa na kalamu mkononi

Kijana mmoja wa Ujiji alituletea mkataba wa kurasa nne, kwa Kiingereza. Alikuwa amepewa hadi saa kumi jioni awe amesaini. Tukaketi naye, tukautafsiri mstari kwa mstari. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na sentensi hii, naiandika kwa Kiswahili: "Msanii anamwachia Kampuni haki zote za kazi zake zote, zilizopo na zijazo, kwa njia zote zinazojulikana na zitakazogunduliwa, popote duniani, bila kikomo cha muda."

Nilimwomba aisome kwa sauti. Aliposoma "na zijazo" akasimama. Alikuwa na miaka 20. Nyimbo atakazotunga akiwa na miaka 50, kwa sentensi ile, zingekuwa za watu wengine, kwa malipo ya video moja.

Tulichukua kalamu tukaandika pembeni: "Msanii anairuhusu Kampuni kusambaza nyimbo tano zilizotajwa kwenye Jedwali, kwa miaka mitatu, kwa njia za redio na mtandao. Muda ukiisha, ruhusa inakoma. Matumizi ya tangazo lolote yatahitaji mkataba mwingine." Akarudi nao. Kampuni ilinung'unika, kisha ikakubali miaka minne.

Kwa hiyo mkataba wowote wa studio, lebo au meneja, utafute mambo haya na uyawekee mstari kwa wino. Ni kazi zipi hasa, kwa majina. Ni ruhusa au ni kuuza moja kwa moja, kwa maana "kuruhusu" na "kuhamisha" ni maneno yenye umbali kama wa Kigoma na Kalemie. Ni muda gani, na saa ya muda inaanza kuhesabiwa lini. Asilimia inakatwa kabla ya gharama au baada yake, na nani anaamua gharama ni zipi. Hapa ndipo fedha nyingi za wasanii zinapopotelea: unaambiwa asilimia 50, kisha gharama za video, nguo, mafuta ya gari na chakula cha watu usiowajua zinatangulia, na kinachobaki kugawanywa ni hewa. Andikeni kwamba gharama yoyote inayozidi kiasi fulani inahitaji saini yako, na kwamba utaletewa hesabu kila baada ya miezi mitatu. Mwisho kabisa, mkataba unavunjwaje, na ukivunjwa nani anabaki na akaunti na rekodi.

Sheria ya Mikataba inasema makubaliano yawe ya hiari, kati ya watu wenye uwezo wa kisheria. Mtu mwenye umri chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa namna hii, hata kama anaimba kuliko wakubwa wote. Ukishinikizwa, ukitishwa au ukidanganywa ukasaini, una haki ya kwenda mahakamani kuomba mkataba utenguliwe. Lakini "sikuusoma" peke yake ni utetezi dhaifu mno, msiutegemee. Hakuna sheria inayokukataza kuomba mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Omba. Anayekataa kukupa siku tatu za kuusoma anakuambia kitu kuhusu mkataba wenyewe.

Saini kila ukurasa, uwe na shahidi wako, ondoka na nakala iliyosainiwa na pande zote. Na ulipiwe ushuru wa stempu TRA. Kesi ikifika mahakamani, hati isiyo na stempu inaweza kukataliwa hadi ushuru ulipwe.

Hatua ya 4: Shoo na safari

Mapatano ya mdomo yanatambulika kisheria, shida ni kuyathibitisha. Basi kama promota hataki karatasi, mwandikie ujumbe: "Kaka, kama tulivyokubaliana leo, shoo ni Jumamosi, nitaimba dakika 40, malipo ni laki nne, nusu kabla, nusu kabla sijapanda jukwaani, usafiri na malazi ni juu yako." Akijibu "poa," umepata mkataba.

Nusu ya kwanza iingie kwenye simu yako kwa jina lako, usipokee kwa namba ya rafiki. Nusu ya pili ichukue kabla ya jukwaa. Baada ya shoo mtu wa mlangoni ameshaondoka na kiingilio, na promota amezima simu. Hili nimelishuhudia mara nyingi hadi nimechoka kuhesabu.

Kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa kuna la ziada. Mialiko ya Bujumbura, Uvira na Kalemie inakuja, na inavutia. Tanzania, Burundi na Kongo zote zipo kwenye Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za sanaa, kwa hiyo hakimiliki yako haizami ziwani ukivuka. Lakini deni lako la shoo ni kitu kingine. Kumfuata promota kwenye mahakama za huko, kwa Kifaransa, ni gharama inayozidi deni. Kwa hiyo usipande boti Kibirizi wala usivuke Manyovu kabla hujapokea malipo yote, au yote isipokuwa kiasi ambacho ukikikosa hutalia. Hati ya kusafiria ibaki mkononi mwako. Promota akiomba aitunze, rudi nyumbani.

Madansa wadogo nao niwataje, kwa sababu nawaona. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Binti wa miaka 15 anayecheza jukwaani baa hadi usiku wa manane hajapewa nafasi ya kukuza kipaji. Anavunjiwa haki, na mwenye baa na kiongozi wa kikundi wote wana kosa la kujibu.

Hatua ya 5: Akaunti, barua pepe na laini ya simu

Fungua chaneli na kurasa zako kwa barua pepe yako mwenyewe na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Meneja mpe nafasi ya uendeshaji, kwenye YouTube inawezekana kumwongeza mtu bila kumpa nywila. Nimeona wasanii wawili walioanza upya kabisa, watazamaji maelfu wameachwa kwenye chaneli ya meneja waliyegombana naye, kwa sababu ile namba ya uthibitisho ilikuwa inaingia kwenye simu yake.

Mtu akipakia wimbo wako bila ruhusa, YouTube ina fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Chaneli ikipata maonyo matatu ndani ya siku 90, inaweza kufungwa. Fomu hiyo inaweza kutumika dhidi yako pia, hasa ukitumia biti uliyoipakua bila leseni. Tunza risiti ya biti. Wizi wa kazi kwa njia ya mtandao umo pia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo si kila kitu kinaishia kwa wenye mitandao.

Hatua ya 6: Anayetaka mwili wako ili akupe nafasi

Hili nataka niliseme bila kuzunguka. Prodyuza, meneja, mtangazaji au mwongozaji wa filamu anayemwambia dada au kaka kwamba wimbo utapigwa, au nafasi itapatikana, akikubali kulala naye, anafanya kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamlenga mtu yeyote mwenye mamlaka au nguvu anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, haki au upendeleo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kudai kwenyewe kunatosha kuwa kosa, huhitaji kusubiri lifanyike.

Usifute ujumbe. Usimjibu kwa matusi, yatakuja kusomwa. Mweleze mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, maana naye atakuwa shahidi. Piga TAKUKURU, namba 113, ni bure, au nenda ofisi yao ya wilaya. Mara nyingine wanapanga mtego, na mitego hiyo inahitaji uwahi kabla mtu hajastuka. Ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Kama tayari umeshikwa kwa nguvu au umebakwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na hospitali, haraka, kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo. Ulizia fomu ya PF3, ile ya polisi ya kukupeleka kutibiwa. Hukufanya kosa lolote kwa kwenda studio usiku.

Hatua ya 7: Maneno yako yakiwasha moto

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na wimbo au mchoro ni maoni. Ibara ya 30 inaweka mipaka, na ndani ya mipaka hiyo zimo sheria za makosa ya mtandao, kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mamlaka ya BASATA juu ya maadili. Mwaka 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, akaachiwa baada ya agizo la Rais. Aprili mwaka huohuo mwanamuziki Roma alichukuliwa studio Dar es Salaam pamoja na wenzake, wakapatikana siku tatu baadaye. Mwaka 2018 BASATA iliwafungia Diamond na Rayvanny kufanya maonyesho. Wale walikuwa na majina makubwa na nchi nzima ikapiga kelele. Wewe wa Mwandiga unahitaji mpango wako mapema.

Kabla ya kutoa wimbo mkali, ukague kwa jicho la mwanasheria. Kumtaja mtu kwa jina na kumtuhumu jambo ambalo huwezi kulithibitisha kunaweza kukuletea kesi ya kashfa, na hapo sanaa haikukingi. Kusema maoni yako juu ya jambo la umma ni kitu kingine kabisa, usijinyamazishe kwa hofu tu.

Ukiitwa na baraza au bodi, omba wito wa maandishi unaotaja kosa. Nenda, usikimbie, lakini usiende peke yako. Una haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa, na uamuzi uombe kwa maandishi pamoja na njia ya rufaa. Njia za ndani zikikwama, ipo Mahakama Kuu, ambako uamuzi wa chombo cha umma unaweza kupitiwa, na maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Zamani safari hiyo ilikuwa ya Tabora, sasa Mahakama Kuu ipo hapahapa Kigoma.

Ukikamatwa na polisi, una haki ya kuambiwa sababu, kukaa kimya hadi wakili afike, na kumjulisha ndugu. Ndani ya saa 24 upelekwe mahakamani au upewe dhamana, na dhamana ya polisi hailipiwi. Andika kwenye karatasi namba tatu za simu na uishike kichwani mojawapo: ya ndugu, ya wakili au msaidizi wa kisheria, na ya mwenzako wa kikundi. Simu yako itakuwa imeshachukuliwa. Kwa mambo mazito kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na THRDC, mtandao wa watetezi wa haki za binadamu.

Hatua ya 8: Namna ya kudai, na muda unaokukimbia

Wengi wanakimbilia polisi kwanza. Deni la shoo ni la madai, polisi watakurudisha, na watakuwa sahihi, isipokuwa kama mtu alikudanganya tangu mwanzo kwa nia ya kukuibia. Anza na barua ya madai. Taja makubaliano, tarehe, kiasi, ulichotimiza, na mpe siku 14. Ipelekwe kwa mkono, apokee kwa kusaini nakala, au mtume shahidi. Robo tatu ya kesi zilizopita kwenye benchi letu ziliishia kwenye barua.

Barua ikishindwa, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya fedha yasiyo makubwa, kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe. Kesi ya mkataba una miaka sita kuifungua. Kashfa na madhara mengine, miaka mitatu. Lakini kama unayemdai fedha zako ni halmashauri au taasisi ya serikali, tuseme mlitumbuiza kwenye mbio za Mwenge hamkulipwa, lazima utangulize notisi ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Wasioijua siku 90 hutupiwa kesi nje hata wakiwa na haki tupu.

Kuna kundi ambalo halijijui kwamba ni waajiriwa. Mpigaji wa bendi ya hoteli, dansa wa baa mmoja, mwigizaji wa kampuni moja: mnaambiwa "nyinyi ni wasanii tu, hakuna ajira hapa." Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaangalia hali halisi. Kama mwenye ukumbi anakupangia saa na namna ya kufanya kazi, anakupa vyombo, unamfanyia yeye tu, unamtegemea kwa kipato, au umefanya kwake wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, lolote kati ya hayo linatosha uchukuliwe kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Hapo unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukajaza fomu namba moja. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu. Madai mengine, kama mishahara, siku 60. Siku hizo zinahesabiwa pamoja na zile unazokaa nyumbani kwa hasira.

Wakili akikushinda bei, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma yetu ni bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, watakuelekeza walipo waliosajiliwa.

Hatua ya 9: Ugonjwa, uzee, na watakaobaki

NSSF inapokea wanaojiajiri kwa michango ya hiari. Anza na kidogo. Kwenye mkataba wa ziara ongeza mstari wa matibabu, kwa kuwa spika zinaanguka, umeme unapiga, na gari za usiku za Kasulu na Kibondo tunazijua.

Hakimiliki inarithiwa kama shamba. Ile miaka 50 ni ya watoto wako, wakijua ipo. Mzee mmoja wa Ujiji, mpiga gitaa wa enzi za bendi za jazi, alituita nyumbani kwake akiwa mgonjwa. Hakuwa na cheti hata kimoja. Tulikaa naye alasiri tatu. Yeye anaimba mstari wa kwanza wa kila wimbo kwa sauti ya chini, anataja mwaka, anataja nani alitunga naye na nani alipuliza tarumbeta, na binti yake anaandika kwenye daftari la kaunta. Alasiri ya tatu walifika wimbo wa 31. Mzee akasaini kila ukurasa, mashahidi wawili wakasaini chini yake, na binti akaanza kujaza fomu za COSOTA kwa simu yake pale pale kwenye jamvi.